Barafu haishuki mlangoni mwa friji: tafuta kosa kwa mpangilio, kisha ulitengeneze

Friji za milango miwili zinazotoa maji na barafu mlangoni zimeingia nyumba nyingi Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na lalamiko ni lile lile: unabonyeza, taa inawaka, barafu haishuki. Watu wengi hukimbilia kuagiza mota au kumwita fundi abadilishe mashine nzima ya barafu. Tunashauri uanze na maji. Kwenye nyumba inayopata maji kutoka kwenye simtanki, friji yenyewe mara nyingi ni nzima, ila presha ya maji haiitoshi.

Ndani ya friji hiyo kuna mitambo miwili tofauti. Mmoja unatengeneza barafu: maji yanapita kwenye vali (koki inayofunguliwa na umeme) nyuma ya friji, yanapita kwenye filta na mrija mwembamba, yanaingia kwenye trei ndani ya friza, yanaganda, kisha vipande vinaangushwa kwenye ndoo. Mwingine unaitoa: mota inazungusha chuma kilichosokotwa ndani ya ndoo, chuma kinasukuma vipande hadi mbele, kilango kidogo kinafunguka na barafu inaanguka kwenye glasi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kufungua friza na kuchungulia ndoo. Kama ina barafu, shida iko kwenye kutoa. Kama ni tupu au ina vipande vichache vidogo, shida iko kwenye kutengeneza, na hakuna haja ya kuigusa mota.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, chomoa plagi na ufunge koki ya maji. Soma pia stika ya friji. Ikiandikwa R600a, gesi iliyomo ni isobutane, na inawaka moto. Usiyeyushe barafu kwa kibiriti wala moto wa gesi, na usichokonoe kwa kisu au bisibisi, kwa sababu ukitoboa bomba la gesi umepoteza friji na umejiweka hatarini. Andaa bisibisi ya nyota na ya bapa, taulo mbili, beseni, sirinji kubwa ya mililita 50 au 60, draya ya nywele na mita ya fundi ya kupimia nyaya (multimita).

Barafu ipo, haitoki

Angalia kufuli kwanza. Kwenye paneli kuna alama ya kufuli la watoto, na kwenye friji nyingi hufunguka kwa kushikilia kitufe chake sekunde 3. Hakikisha pia mlango wa friza umefungwa hadi mwisho, maana swichi ya mlango hukata umeme wa mota mlango ukiwa wazi.

Kinachofuata kwa wingi ni barafu iliyoshikana ikawa donge. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, vipande vya juu huyeyuka na maji yake huteremka katikati ya vingine. Umeme ukirudi, vyote vinaganda pamoja na chuma hakiwezi kuzunguka. Hata bila umeme kukatika, ndoo isiyotumika kwa wiki kadhaa hufikia hali hiyo, kwa sababu vipande vinapungua taratibu na kushikana kwenye kingo.

Toa ndoo. Nyingi hutoka kwa kuinua sehemu ya mbele kidogo kisha kuvuta, nyingine zina kitufe cha kubana pembeni. Usilivunje donge kwa kisu, kwani chini ya ndoo kuna plastiki nyembamba na visu vya kusagia barafu. Mwaga kinachomwagika, kisha mimina maji ya uvuguvugu hadi donge liachie. Maji ya moto usiyatumie: plastiki iliyotoka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hupasuka. Osha, halafu kausha kabisa, na hapa usifanye haraka. Tone moja likibaki kwenye ekseli ya kile chuma litaganda usiku huo huo na kukurudisha ulipoanza.

Unaporudisha ndoo, tazama nyuma yake. Mota ina uma mdogo unaoshika ncha ya chuma cha ndoo. Ndoo ikikataa kuingia hadi mwisho, usiilazimishe: zungusha uma huo kwa mkono robo mzunguko, kisha jaribu tena. Ndoo iliyokaa nusu ni sababu tosha ya barafu kutoshuka.

Kama ndoo ni safi na imekaa sawa lakini bado hakuna kitu, bonyeza usikilize. Mota ikizunguka kwa sauti ya kawaida na barafu haisogei, kiungo kati ya uma na chuma kimevunjika au kimelika. Kinabadilishwa peke yake bila kununua mota. Mota ikivuma bila kuzunguka, kuna kipande kimekwama kwenye visu, hivyo toa ndoo tena ukague upande wa chini. Achia kibonyezo upesi maana mota inapata joto ikilazimishwa.

Kimya kabisa kina washukiwa watatu: swichi ya kibonyezo, swichi ya mlango na mota. Anza kwa kutoa maji ya kunywa kwenye mlango huo huo. Kwa friji yenye kibonyezo kimoja, maji yakitoka ujue swichi ya kibonyezo ni nzima. Kisha toa ndoo, fungua mlango wa friza, bana swichi ya mlango kwa kidole na mtu mwingine abonyeze kibonyezo huku ukitazama uma wa mota kwa mbali. Usiingize mkono ndani wakati huo. Uma ukizunguka, mota ni nzima, na shida ni mlango usioibana swichi vizuri. Usipozunguka, chomoa plagi na upime, mita ikiwa kwenye omu. Swichi nzima husoma karibu na sifuri ikibanwa na OL, yaani njia ya umeme imekatika, ikiachiwa (nyingine hufanya kinyume), ila lazima usomaji ubadilike. Mota inayosoma OL kwenye nyaya zake mbili imekatika ndani.

Kabla ya kununua mota, funua kifuniko cha bawaba ya juu ya mlango. Nyaya zinazokwenda mlangoni hupita hapo na kupinda kila mlango unapofunguliwa, na baada ya miaka kadhaa hukatika ndani ya ganda lake. Dalili yake ni taa ya paneli kupepesa unapoufungua na kuufunga mlango. Unganisha waya kwa risasi ya kulehemu na uufunike kwa mpira unaonywea kwa joto. Kukunja waya na kubandika tepu hakudumu mahali panapopinda kila siku.

Kilango cha njia ya barafu nacho kinastahili kuangaliwa, hasa pwani ambako hewa imejaa unyevu. Kikibaki wazi hata kidogo, hewa ya nje inaingia, inakuwa ukungu wa barafu kwenye njia, na mwisho njia inaziba. Ni kawaida kubaki wazi sekunde chache baada ya kuachia kibonyezo, lakini baadaye kinatakiwa kufunga bila mwanya. Mara nyingi kinachokizuia ni vumbi la barafu iliyosagwa lililoganda kwenye mpira wake. Futa kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, kausha, na kama mpira umepinda ubadilishe.

Ndoo ni tupu

Mashine yenye mkono wa waya huzimwa mkono ukiinuliwa juu. Mtu akipanga nyama kwenye friza anaweza kuuinua bila kujua, basi ushushe. Nyingine zina swichi ya kuzima au alama ya kuzima barafu kwenye paneli. Halafu weka friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Mashine haiangushi barafu hadi trei yake ifikie takriban nyuzi 9 hadi 10 chini ya sifuri, kwa hiyo friza iliyowekwa nyuzi 10 chini ya sifuri itakuchelewesha au kukunyima kabisa. Friji iliyowashwa leo isubiri saa 24.

Sasa maji. Friji nyingi za aina hii zinahitaji presha kati ya baa 1.4 na 8.3, yaani psi 20 hadi 120. Kila mita moja ya kimo cha maji inatoa baa 0.1 hivi. Simtanki lililo kwenye mnara wa mita 6, friji ikiwa imeunganishwa mita 1 kutoka sakafuni, linakupa kama baa 0.5, yaani theluthi tu ya kiwango cha chini. Ili kupata baa 1.4 bila pampu unahitaji kimo cha mita 14. Ndiyo maana kwenye jengo la ghorofa tano lenye tangi juu ya paa, barafu hupatikana kwa mpangaji wa chini na kumgomea wa juu, ingawa friji zao zimetoka duka moja.

Presha ndogo inaleta madhara mawili, na la pili wengi hawalijui. La kwanza ni trei kujaa nusu, ukapata vipande vidogo au vyenye uwazi katikati. La pili ni kwamba vali hutumia presha hiyo hiyo ya maji kujifunga. Presha ikiwa hafifu, haifungi sawasawa, inadondosha matone, na matone hayo yanaganda ndani ya mrija wa kuingizia maji hadi uzibe. Utauyeyusha leo, na baada ya siku chache utaziba tena, na hakuna kipuri kitakachokuokoa.

Kama huna kipimo cha presha, weka glasi ya mililita 180 kwenye sehemu ya maji ya mlangoni. Ikijaa ndani ya sekunde 10, presha inatosha. Ikichukua zaidi, toa filta, weka kizibo chake (kinachopitisha maji bila filta) au filta mpya, upime tena. Maji yakija kwa nguvu, filta ndiyo ilikuwa imeziba, na inatakiwa kubadilishwa kila baada ya miezi 6, mapema zaidi kama maji yana tope. Baada ya kuweka mpya, tiririsha lita 10 hivi ili hewa na vumbi la mkaa vitoke. Yakibaki hafifu, fuata mrija nyuma ya friji utazame kama umebanwa na ukuta. Usipoona kosa hapo, funga pampu ya kuongeza presha yenye swichi ya kujiwasha. Friji zenye tangi la ndani unalojaza kwa mkono zina pampu yao, haya hayazihusu.

Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo yako sehemu nyingi za Dar es Salaam, yana neno lake. Filta ya mkaa iliyo ndani ya friji inapunguza klorini na harufu, lakini chumvi iliyoyeyuka inapita bila kuguswa. Mchanga na ukoko wa chokaa hukusanyika kwenye kichungi kidogo kilicho kwenye mdomo wa vali. Funga koki, chomoa mrija kwa kubana pete ya kiungo kuelekea ndani huku ukivuta, kisha safisha kichungi kwa mswaki laini na siki. Ukirudisha mrija wa robo inchi, ncha yake iwe imekatwa wima bila kuchanika, usukume hadi ugonge mwisho, la sivyo utavuja nyuma ya friji na utagundua sakafu ikiwa imelowa. Kabla ya friji, funga filta ya mashapo ya maikroni 5. Ni nafuu kuliko vali.

Mrija ulioganda unaonekana juu ya trei, ukiwa na kijiti cha barafu mdomoni. Chomoa plagi, tandika taulo, na uingize maji ya uvuguvugu kidogo kidogo kwa sirinji, au tumia draya kwenye joto la chini ukiiweka sentimita 15 kutoka kwenye plastiki na kuisogeza muda wote. Chukua muda wako hadi maji yapite yenyewe.

Vali ikibaki ndiyo mshukiwa, kuna jaribio zuri: maji yakiwa yanadondoka kwenye trei, chomoa plagi. Yakiendelea kudondoka, vali imechakaa ndani au presha ni ndogo. Yakikoma, umeme unaipa vali amri isiyostahili, na hapo tazama mashine ya barafu au ubao wa umeme. Vali isiyofunguka kabisa pima koili yake, na OL inamaanisha imekatika. Koili ya volti 120 kwa kawaida husoma kati ya omu 200 na 500, na ya volti 220 hadi 240 husoma juu zaidi. Soma volti iliyoandikwa kwenye koili yenyewe kabla ya kununua nyingine. Friji iliyoletwa kutoka Marekani na kutumiwa kwa transfoma ina vali ya volti 120, na ukichanganya utaiunguza au haitafunguka.

Vipuri viagizwe kwa namba ya modeli iliyo kwenye stika ndani ya friji, kwa kuwa mota na vali zinazofanana kwa macho hutofautiana plagi. Ubao wa umeme na mfumo wa gesi mwachie fundi wa friji.

Ukimaliza, fungua koki kwanza ukague viungo vyote kwa karatasi kavu, ndipo uchomeke plagi. Mashine nyingi zina kitufe cha majaribio kinachoshikiliwa sekunde 3 ili kugeuza trei. Kitumie ndoo ikiwa chini yake, maana kinaweza kumwaga maji. Barafu ya mizunguko mitatu ya kwanza imwage.