Ramani ya vita ikitua kwenye grupu lenu, ikague hivi kabla hujaiforwadi

Toka waasi wa M23 waichukue Goma, mashariki mwa Congo, Januari 2025 hizi ramani zimezidi, huku nyekundu, huku mishale, alafu chini mtu kaandika "hapa palikuwa petu toka enzi za mababu" na watu wanaanza kutukanana makabila humo humo. Mimi inaniuma sana, maana anayelipa ni yule jirani mwenye jina la upande wa pili. Kwahiyo jifunze kuikagua.

Kwanza tenganisha mambo matatu: nani kashika ardhi leo, nani anaidai, na mkataba unasema mpaka unapita wapi. Ramani nyingi zinayapaka yote rangi moja. Badme kwa mfano, mji uliogombaniwa na Ethiopia na Eritrea, tume ya mpaka iliipa Eritrea mwaka 2002 lakini jeshi la Ethiopia likaendelea kukaa pale miaka na miaka, sasa mchoraji anaweza kuonesha lolote kati ya hayo na asiwe ameongopa, ila wewe unayetazama unapotea.

Alafu tafuta mkataba wenyewe, na hapa usiwe mvivu. Tuchukue Kagera. Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, tafuta Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, utaona mpaka umenyooka kama rula kuelekea ziwani, huo ni mstari wa digrii 1 kusini ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1890. Sasa shuka na barabara ya kwenda Bukoba kama kilometa 30 hivi mpaka darajani Kyaka, hapo ndio unaukuta mto Kagera. Ardhi yote ya katikati hapo ndio Amin alitangaza mwanzoni mwa Novemba 1978 kwamba ni ya Uganda, eti mpaka ni mto. Na ukiutazama mto peke yake unaweza ukamwamini kabisa, ni mto mkubwa, unakaa kama mpaka wa asili. Lakini mpaka uliokubaliwa pale ni ule mstari, sio mto.

Cha tatu angalia saa. Kwanini dai limekuja leo na sio miaka kumi nyuma? Amin 1976 alishadai hadi magharibi mwa Kenya na kusini mwa Sudan, na 1978 anaingia Kagera huku askari wake wenyewe wanamuasi. Sudan nayo ilipeleka jeshi al-Fashaga, ardhi inayogombaniwa mpakani na Ethiopia, Desemba 2020, wakati Ethiopia iko bize na vita ya Tigray iliyoanza mwezi mmoja tu kabla, ingawa Sudan ina mkataba wa mpaka wa 1902 mkononi. Yaani dai linaweza kuwa na karatasi nzuri na bado likawa limevizia.

Madai ya "kabla ya wakoloni" yapime polepole. Kagame, rais wa Rwanda, aliposema Cotonou, Benin, Aprili 2023, kwamba mipaka ya kikoloni iliacha sehemu ya Rwanda nje, tafuta hotuba nzima, usitegemee kipande cha sekunde chache, alafu kiweke pembeni ya ripoti za wataalamu wa UN kuhusu askari wa Rwanda kuwa pamoja na M23, na majibu ya Kigali ya kukana. Soma vyote. Pia kumbuka OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati huo, ilikubaliana Cairo 1964 kwamba mipaka ya siku ya uhuru iheshimiwe, Somalia na Morocco wakakataa. Nyerere alilisimamia hilo, na jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoingia Kampala Aprili 1979 ule mstari wa Mutukula haukusogea hata hatua.

Mwisho muulize aliyetuma: imechorwa na nani, tarehe ngapi? Akikosa jibu usiipeleke grupu lingine, na mwambie hapo hapo kwenye grupu ili wengine nao waone.