Namna ya kugawa magazeti arobaini kabla ya kengele ya shule

Hesabu kwanza. Usipokee furushi kwa wakala ukasema "asante mzee" ukaondoka. Likipungua gazeti moja, utakatwa wewe. Mimi nilikatwa mara mbili mwaka 1993, nikiwa darasa la tano, nikigawa magazeti Upanga, Dar es Salaam, na mara zote mbili nililia kabla ya saa moja asubuhi.

Yapange kinyume cha safari: la nyumba ya mwisho chini, la nyumba ya kwanza juu. Ukichanganya Uhuru na Daily News utasimama gizani ukichambua karatasi huku mbu wanakula miguu. Masika, kila gazeti na mfuko wake wa nailoni. Likilowa limekwisha, linavimba kama mkate uliosahaulika kwenye chai.

La ghorofani likunje mara tatu, kisha chomeka ncha moja ndani ya mkunjo mpaka likaze kama kirungu. Rusha kutokea chini, kiganja kimelegea. Ukirusha kwa hasira linafumuka hewani, kurasa zinawaangukia majirani ambao hata hawajalipa. Balkoni ya ghorofa ya kwanza naiweza mpaka leo. Ya pili panda ngazi tu, usijitie ufundi: niliwahi kuangusha chungu cha mrehani cha bibi mmoja, nikamchotea maji wiki nzima.

Palipoandikwa MBWA MKALI usiingie, hata kama mbwa mwenyewe hujawahi kumwona. Gonga geti kwa sarafu, "Shikamoo babu," umkabidhi mlinzi mkononi. Akitaka kuchungulia ukurasa wa michezo kwanza, mwache. Ndiye atakayekufungia mbwa mwisho wa mwezi ukija kudai.

Na ukidai, nenda na daftari, uandike mteja akikuona. Watu wazima husahau deni la mtoto upesi sana.

Siku ya baada ya mechi kubwa omba nakala mbili za ziada. Novemba 1993 Simba walipofungwa 2-0 nyumbani na Stella Abidjan, fainali ya Kombe la CAF, sikuomba. Mteja wangu mmoja, Simba damu, alinirudishia gazeti kupitia dirishani bila kulifungua. Jirani yake wa Yanga akalinunua palepale, na lake alikuwa nalo kwapani.