Somo: Boksi la kukatia nyuzi 45 na 90 kwa msumeno wa mkono

Niliwahi kutengeneza fremu sita za vioo kwa ajili ya saluni moja hapa Ngamiani, Tanga. Kila fremu kona tatu zilifunga, ya nne ikaacha mwanya wa kupitisha sarafu ya shilingi mia. Nikaziba kwa gundi na vumbi la mbao, nikapiga vanishi. Mwenye saluni alipitisha ukucha pale mara moja tu, akaniuliza, "Fundi, hapa ulikuwa umechoka?"

Sikuwa nimechoka. Guniya yangu, kile kifaa cha kupimia kona ya nyuzi 90, ilishawahi kuanguka ikapinda, nami sikuijaribu. Msumeno ukikosea uzi mmoja tu kila unapokata, kona moja ina mikato miwili, kwa hiyo inakosea nyuzi mbili. Fremu nzima inakosea nyuzi nane, na zote zinakusubiri kwenye kona ya mwisho. Dawa yake ni boksi hili: sakafu na kuta mbili zenye njia zilizokatwa, msumeno unapita humo na kila mkato unatoka na nyuzi zile zile.

Kwa hiyo kabla ya mbao yoyote, jaribu guniya (wengine mnaiita skwea). Tafuta ubao ulionyooka ukingo, piga mstari kwa penseli iliyochongwa kali, kisha igeuze guniya upande wa pili na upige mstari mwingine kuanzia pale pale. Mistari ikilaliana, iko sawa. Ikiachana, mwanya unaouona ni kosa la guniya mara mbili. Hiyo fungulia soda.

Mbao

Mimi natumia vipande vya mtiki vinavyobaki, maana wa Longuza kule Muheza haupo mbali nasi na hauchezi sana na unyevu wa huku pwani. Mninga pia unafaa. Msonobari utakatika vizuri, lakini ni laini, njia za msumeno zitapanuka mapema. Muhimu mbao ziwe zimekauka na zimepigwa randa.

Sakafu: urefu sentimita 50, upana 10, unene 2.5.
Ukuta wa nyuma: urefu 50, kimo 7.5, unene 2.
Ukuta wa mbele: sawa na huo, ila kimo 9.5.

Hizo sentimita 2 za ziada za ukuta wa mbele zinashuka chini ya sakafu na kushika ukingo wa meza. Ukisukuma msumeno, boksi halikimbii. Kama msumeno wako una mgongo wa chuma, pima kwanza kina cha bamba kutoka kwenye meno hadi mgongoni. Kuta zinasimama sentimita 5 juu ya sakafu. Mgongo ukigota kwenye kuta kabla meno hayajafika chini, punguza kimo.

Kuunga

Kuta zinabanwa ubavuni mwa sakafu, si juu yake. Gundi, halafu skrubu nne kila upande, zote zikiingia kwenye unene wa sakafu. Toboa kwanza kwa keekee, mtiki hupasuka. Kuta zisimame wima kabisa. Zikilala nje kidogo, kila utakachokata kitalala vilevile. Acha mpaka kesho yake.

Kuchora

Hapa usiwe na haraka, hata kama mteja amekaa kwenye benchi anakutazama. Pima upana wa boksi lote kwa nje. Kwa vipimo vyangu ni sentimita 14: sakafu 10 na kuta mbili za 2. Pima la kwako, usichukue la kwangu.

Piga mstari wa guniya unaovuka kuta zote mbili kwa juu. Toka hapo sentimita 14, piga mwingine. Umepata mraba. Unganisha kona kwa kona, ndiyo nyuzi 45. Pima ulalo huu na ule mwingine: vyote vifanane, na kwa mraba wa 14 vitakuwa karibu 19.8. Fanya hivyo upande wa kushoto kwa kuelekea huku na wa kulia kwa kuelekea kule, katikati acha mstari mmoja wa nyuzi 90. Kisha shusha kila mstari wima kwenye uso wa ukuta, nje na ndani, hadi usawa wa sakafu.

Kukata njia

Tumia msumeno ule ule utakaofanya nao kazi siku zote. Njia iliyokatwa na msumeno mwembamba itaubana ule mnene, na kinyume chake utacheza. Chukua kipande cha mbao kilichonyooka na chenye ukingo wa wima, kibane kwa jiliwa sambamba na mstari, bamba la msumeno liegemee hapo. Anza kwa kuvuta nyuma mara tatu nne. Kisha sukuma taratibu, kuta zote mbili kwa pamoja, ukichungulia mistari ya wima mbele na nyuma. Meno yakigusa sakafu, simama.

Kujaribu

Kwa nyuzi 90: kata ubao ulionyooka, geuza nusu moja juu chini, ziunganishe tena ukiziegemeza kwenye ukingo ulionyooka. Mwanya ukionekana, njia imekosea. Kwa 45: kata vipande viwili, viunge, weka guniya ndani ya kona. Guniya ikikataa kukaa, usianze kupiga tupa ndani ya njia ili uirekebishe. Itakuwa pana tu. Sogea sentimita chache, kata nyingine.

Maswali ya wanachama

*Mdau wa Pongwe: Fundi, mimi nina ule msumeno mpana wa kawaida, hauna mgongo. Utafaa?*

Utafaa, kaka, ila usiukamie. Nyoosha kidole cha shahada kuelekea kwenye bamba, shika mpini kama umeshika kifaranga. Ukikaza, bamba linapinda ndani ya njia na mkato unatoka na tumbo. Kama meno yake ni 7 au 8 kwa inchi yatachana nyuzi za mbao. Chora mstari kwa kisu badala ya penseli, na weka plaiwudi ya milimita 4 juu ya sakafu chini ya kipande unachokata.

*Dada wa Muheza: Nataka fito 24 za urefu mmoja za kabati la vyombo. Nipime moja moja?*

Hapana dada, na usipime ya pili kwa kutumia ya kwanza, ya tatu kwa ya pili. Utashangaa ya 24. Bana kizuizi ndani ya boksi, kila fito iguse hapo, kata. Ukingo wa chini wa kizuizi ukwangue kidogo, vumbi la mbao lipate pa kukaa. Bila hivyo fito zitaanza kufupika bila wewe kujua.

*Mdau: Meza ya pembe sita naikataje humu?*

Gawa 360 kwa 6, kisha kwa 2: kila mkato ni nyuzi 30. Kwa boksi la upana wa 14, badala ya kusogea 14 sogea sentimita 8.1, unganisha. Ya pembe nane ni nyuzi 22.5, sogea 5.8.

*Mdau wa Pangani: Njia zangu zimepimwa vizuri, nimejaribu na guniya, lakini kona ya nne bado haifungi.*

Basi angalia urefu, bwana. Pande zinazotazamana zikitofautiana hata milimita moja, kona itafunguka japo nyuzi 45 ni sahihi. Zikate kwa kizuizi kimoja, zisimamishe pamoja mezani upitishe kidole juu. Kidole kitasikia tofauti ambayo futi haionyeshi.

*Mdau: Msumeno unakwama, hasa miezi hii ya mvua.*

Masika mbao hunywa unyevu, njia zikajibana. Sugua mshumaa pande zote mbili za bamba, usitie mafuta ya kula, yatapaka doa kwenye mbao na vanishi haitashika.