Kununua kichwa cha Scania kilichotumika

Ukienda kuangalia kichwa cha kuvuta tela, mwambie dalali asikiwashe kabla hujafika. Mimi huanza kwa kuweka kiganja kwenye injini. Nikikuta ina joto, narudi kesho yake alfajiri. Dizeli iliyokwisha pashwa huficha mengi.

Iwake ikiwa baridi. Moshi wa bluu usiokoma ni oili inaungua. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: ikikupulizia moshi mzito, ringi za pistoni zimechoka, na gharama ya kufungua injini ikatwe kwenye bei. Maji ya rejeta yana utando wa oili? Achana nacho.

Halafu ingia chini, hata kama umevaa shati la Ijumaa. Kagua chasisi karibu na sahani inayoshika tela. Rangi mpya nyeusi sehemu moja tu, ikwangue kwa funguo. Mara nyingi chini yake pana ufa uliochomelewa. Funga tela, kaza breki zake, dereva avute mbele taratibu. Ukisikia kishindo, kufuli ya sahani imelika.

Upepo wa breki: jaza mitungi, zima injini, tazama geji. Isishuke ovyo.

Jaribu na mzigo. Kikiwa kitupu, hata kibovu kinapanda mlima Kitonga kikiimba. Kumbuka pia kikomo cha uzito kwenye mizani ya barabarani kinahesabu gari lenyewe, kwa hiyo kichwa kizito kinakula tani za mteja.

Namba iliyogongwa kwenye chasisi ifanane na kadi, na uihakiki TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kutoa hata kishika uchumba.