Somo: Kuripoti hitilafu kwenye programu ya daftari, na kuirekebisha ukiweza

Shangazi yangu yuko Tanga, anafuga ng'ombe wa maziwa. Mwaka juzi nilimtengenezea kijiprogramu cha daftari: nani kazaa, nani kachanjwa, lita ngapi zimeuzwa. Kinafunguka kwenye kivinjari, kwa hiyo anakitumia kwenye laptopu ya nyumbani na kwenye iPhone aliyotumiwa na binti yake aliyeko Muscat. Hazikupita wiki mbili akanipigia: "Mwanangu, hiki kidude chako wakati mwingine kinakubali, wakati mwingine kinagoma."

Ripoti yenyewe ndiyo hiyo. Nilihangaika nayo jioni tatu. Nikaandika upya sehemu ambayo haikuwa na kosa lolote, nikabadilisha seva, nikailaumu intaneti ya Tanga. Siku ya nne nikampigia: "Shangazi, nisomee unachokiandika herufi kwa herufi, na uniambie umeshika kifaa gani." Dakika kumi tukawa tumemaliza. Alikuwa anatafuta neno ng'ombe. Kwenye laptopu kidude kinagoma kabisa. Kwenye simu kinakubali, ila kinaleta yale tu aliyoyaandika kwa simu.

Ile ritifaa ya ng', yaani kile kialama cha juu ('), nitairudia huko chini, maana ndiyo hitilafu tutakayoirekebisha. Kwa sasa shika hili tu: "wakati mwingine" karibu kila mara ni sharti ambalo bado hujaliona, na kazi ya anayeripoti ni kulitafuta.

Kwa upande wa kuripoti nitatumia Joplin, kwa kuwa wengi wetu kikundini ndiyo tunayoiandikia. Kwa mgeni: ni programu huria ya daftari, iliyoanzishwa na Laurent Cozic, ikapewa jina la Scott Joplin, mtunzi na mpiga piano wa Marekani. Unaandika kwa Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama ndogo za kuyapanga), maandishi yanakaa kwenye kompyuta yako ndani ya hifadhidata ya SQLite, na ukitaka unayasawazisha na vifaa vingine kupitia Nextcloud, Dropbox, OneDrive na kwingineko. Msimbo wake, ulioandikwa zaidi kwa lugha ya TypeScript, uko wazi GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo na kushirikiana kuuandika.

Hatua ya 1: Chelezo (nakala ya akiba) kwanza

Kabla ya kuchokonoa chochote, nenda "File", kisha "Export all", uchague JEX. Utapata faili moja lenye madaftari yako yote na viambatisho vyake. Liweke nje ya kompyuta hiyo, hata kwenye flashi. Usiniambie "lakini yangu yanasawazishwa". Usawazishaji si chelezo: ukifuta hapa, na kule panafutwa.

Hatua ya 2: Toleo gani?

"Help", halafu "About Joplin". Pale pana kitufe cha kunakili taarifa zote: toleo, mfumo wa kompyuta, programu-jalizi (vijiprogramu vya kuiongezea uwezo) ulizoweka. Nakili, bandika pembeni. Kama toleo lako ni la zamani, sasisha kwanza ujaribu tena. Ripoti nyingi hufia hapa, na ni kifo kizuri.

Hatua ya 3: Ipunguze mpaka ibaki mifupa

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanaporuka.

Anza na programu-jalizi. Hizi zimeandikwa na watu mbalimbali, na hitilafu ya jalizi haipelekwi kwa watunzaji wa Joplin, inapelekwa kwa aliyeiandika. Kwenye menyu ya "Help" kuna "Toggle safe mode", inayowasha programu bila jalizi hata moja. Tatizo likitoweka, mshukiwa wa kwanza ni mmoja wao. Unazo ishirini? Usizime mojamoja kama anayechambua mchele. Zima kumi. Tatizo likibaki, liko kwenye kumi zilizo hai. Likiondoka, liko kwenye zile ulizozima. Gawa kumi hizo tena kwa mbili. Kwa majaribio manne au matano umeishika shati.

Kama umewahi kubadilisha rangi na maandishi kwa kuandika ndani ya mafaili ya userstyle.css au userchrome.css, yaondoe nayo kwa muda. Tunayasahau hayo, halafu tunashangaa kitufe kimekwenda wapi.

Kisha tengeneza wasifu mpya mtupu: "File", "Switch profile", "Create new profile". Ndani yake andika daftari moja, andiko moja, ujaribu kuirudia hitilafu. Ikitokea hapo, umepata dhahabu, maana mtu yeyote duniani ana wasifu mtupu na ataweza kuiona. Isipotokea, basi kuna kitu kwenye maandishi yako kinachoiamsha. Nakili andiko lenye tatizo, ulikate nusu, jaribu. Likate tena. Mara nyingi utaishia na mstari mmoja: jedwali lisilofungwa, kiungo chenye nafasi katikati, picha yenye jina la ajabu.

Hatua ya 4: Tafuta kama imesharipotiwa

Kwenye ukurasa wa ripoti za mradi (GitHub huuita "Issues"), tafuta zilizo wazi na zilizofungwa pia. Tumia maneno ya ujumbe wa kosa wenyewe, si maelezo yako. Ukiikuta, usifungue nyingine na usiandike "hata mimi". Ongeza kile ambacho haikuwa nacho: mfumo tofauti, toleo tofauti, au hatua fupi zaidi za kuirudia.

Hatua ya 5: Faili la kumbukumbu

"Help", kisha "Open profile directory". Humo kuna log.txt. Rudia hitilafu, angalia saa, halafu nenda kwenye mistari ya dakika ileile. Bandika hiyo tu. Na isome kabla ya kuibandika! Inaweza kuwa na anwani ya seva yako, au jina la folda lenye jina lako kamili. Faili la database.sqlite lililo jirani yake usimpe mtu kamwe. Humo mna kila ulichowahi kuandika.

Hatua ya 6: Andika

Kichwa kiseme nini kinavunjika na lini. "Programu mbovu" si kichwa. "Kutafuta neno lenye ritifaa kunaleta ujumbe wa kosa" ni kichwa. Chini yake weka mazingira uliyonakili hatua ya 2, hatua za kuirudia kwa namba, ulichotarajia, kilichotokea. Ripoti ya Shangazi ingekuwa hivi:

1. Kwenye laptopu, fungua daftari.
2. Andika ng'ombe kwenye kisanduku cha kutafuta.
3. Bonyeza Enter.

Nilitarajia: orodha ya maandishi yenye neno hilo. Kilichotokea: ukurasa mtupu wenye maneno near "ombe": syntax error.

Ona, neno "ombe" limejitaja lenyewe. Angenisomea hilo siku ya kwanza, jioni tatu zangu ningezilala.

Hatua ya 7: Kurekebisha

Tuingie kwenye kidude changu. Mstari wenye kosa, unaotuma amri ya SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata), ulikuwa huu, niliouandika kwa uvivu usiku:

    db.all("SELECT * FROM maandishi WHERE maelezo LIKE '%" + neno + "%'")

Weka ng'ombe mahali pa neno uone SQLite inapokea nini:

    SELECT * FROM maandishi WHERE maelezo LIKE '%ng'ombe%'

Ritifaa ya ng' imeyafunga maandishi kabla ya wakati. SQLite inasoma '%ng', inadhani tumemaliza, halafu inakutana na "ombe" imesimama mlangoni bila mwenyeji. Neno "maziwa" halina ritifaa, kwa hiyo lilipita kila siku. (Mlango huohuo ndio wadukuzi wanaoupitia kuingiza amri zao, kwa hiyo usicheke sana.)

Na simu je? iPhone, isipozimwa mpangilio wake wa alama za uandishi, hugeuza ritifaa iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’). Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, U+0027 na U+2019. Iliyopinda haifungi maandishi ya SQL, kwa hiyo simu haikugoma. Lakini ng’ombe ya simu haikulingana na ng'ombe ya laptopu, ndiyo maana ilileta yale ya simu tu. Hitilafu mbili, lalamiko moja.

Kabla ya kugusa msimbo niliandika jaribio: hifadhi "ng’ombe Zawadi kazaa" kwa ritifaa iliyopinda, tafuta kwa iliyonyooka, tarajia andiko moja. Likashindwa, kama inavyotakiwa. Jaribio lisiloshindwa kabla ya matengenezo halithibitishi lolote baada yake. Kisha:

    const safi = neno.replace(/[‘’ʼ]/g, "'");
    db.all("SELECT * FROM maandishi WHERE maelezo LIKE ?", ["%" + safi + "%"])

Alama ya kuuliza inaiambia SQLite: hapa patakuja maandishi, usiyasome kama amri. Wakati wa kuhifadhi nikasafisha vilevile, na ya zamani nikayanyoosha mara moja:

    UPDATE maandishi SET maelezo = replace(maelezo, '’', '''');

Zile ritifaa nne mwishoni si kosa la kuchapa. Ya kwanza na ya mwisho zinafungua na kufunga, mbili za katikati zinahesabiwa moja.

Kwenye mradi mkubwa kama Joplin kazi ni ileile, ila kuna adabu za mgeni. Tengeneza nakala yako ya ghala la msimbo GitHub, kisha uishushe kwa git clone --depth 1 ili usibebe historia yote. Bando ni hela. Endesha yarn install, inayoshusha vifurushi ambavyo mradi unavitegemea, na hii nayo inakula data, kwa hiyo subiri Wi-Fi ya ofisini. Ndani ya folda ya packages utakuta app-desktop ya kompyuta, app-mobile ya simu, na lib wanayoitegemea zote mbili. Hitilafu inayoonekana kwenye kompyuta na kwenye simu pia, anza kuitafuta lib. Kupata mahali penyewe, chukua maneno yanayoonekana kwenye skrini uyatafute ndani ya msimbo. Mbinu ya kizamani, haijawahi kunitupa.

Fungua tawi jipya, rekebisha jambo moja, andika jaribio, tuma ombi la kuingiza mabadiliko ukitaja namba ya ripoti. Jambo moja! Ukiona nafasi zimekaa vibaya mstari wa pili, ziache. Mtunzaji anayesoma mistari sita anaisoma leo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mbeya:* Mwalimu, shikamoo. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Si watanicheka?

Marahaba. Hatua zenye namba hazihitaji Kiingereza kirefu: fungua, bonyeza, andika, ona. Weka picha ya skrini, au video ya sekunde kumi. Mimi hupendelea ripoti ya mtu mwenye maneno machache. Mwenye Kiingereza kingi hunieleza alivyojisikia.

*Mwanachama wa Mombasa:* Kaka, mimi andiko langu lote la mkutano limepotea. Hii si hitilafu wazi?

Pole, dada. Kabla hujaripoti, angalia kama kuna daftari linaloitwa "Conflicts". Ukihariri andiko moja kwenye vifaa viwili kabla havijasawazishwa, Joplin haikuchagulii. Nakala ya kifaa kinachosawazishwa baadaye inawekwa humo. Nasema kwa aibu: niliwahi kuandika ripoti ndefu, yenye hasira, kwamba programu imekula kazi yangu. Ilikuwa humo wakati wote, salama. Niliifunga ripoti mwenyewe kwa mstari mmoja wa samahani.

*Huyohuyo:* Nimelipata! Lakini sasa niko na nakala mbili.

Zifungue sambamba, hamishia kilichokosekana kwenye andiko kuu, kisha ufute ile ya "Conflicts". Na uwe na mazoea ya kubonyeza kitufe cha kusawazisha kabla ya kufunga laptopu.

*Mwanachama wa Dodoma:* Nimegundua njia ya kusoma andiko la mtu mwingine bila ruhusa. Niiweke kwenye ripoti za kawaida?

Hapana, ndugu yangu, simama hapohapo. Ripoti za kawaida zinasomwa na dunia nzima. Kwenye ghala la msimbo tafuta faili la SECURITY.md, ufuate njia ya faragha iliyoelezwa humo. Na hata hapa kikundini usitueleze inavyofanyika.

*Mwanachama wa Kigali:* Nimeripoti kwenye mradi mmoja, mwezi wa pili huu, kimya. Nifanyeje?

Miradi mingi huwa na roboti linalofunga ripoti isiyo na mwendo, kwa hiyo usiiache ilale. Lakini usiandike "vipi, bado?" Jaribu kwenye toleo jipya, kisha uandike: bado ipo kwenye toleo fulani, na hatua nimezipunguza kutoka saba hadi tatu. Hiyo inaamsha mtu.

*Mwanachama wa Mbeya, tena:* Na Shangazi, sasa anapata ng'ombe wake?

Anapata. Wiki jana kanipigia: "Mwanangu, nimeshika simu, nimeandika mbung'o, nimebonyeza, nilitaka orodha, imekuja picha ya ndama." Bado sijajua ni kwa nini.