Kocha kafukuzwa, tetesi zimeanza: namna ya kujua nani anaongea kwenye futiboli ya vyuo Marekani

Kila mwaka ikifika Novemba naona ndugu zetu walioko Marekani wanatumiana "kocha fulani keshasaini" halafu kesho yake hakuna kitu, na watu wamegombana kabisa kwa habari isiyo na mwenyewe. Mi huu mchezo, futiboli ya Kimarekani ya kubeba mpira mkononi, siyo soka letu, naupenda sana na nimeufuatilia miaka mingi, kwa hiyo naandika ninavyofanya tetesi ikinifikia.

Jina la kocha liache kwanza, anza na hela. Kule timu ni ya chuo, haina mmiliki, ila kuna matajiri wanaoitwa mabusta, watu waliosoma hapo zamani au wafanyabiashara wa mji huo, ndo wanachangia uwanja, ndo wanachangia mishahara, na tangu Julai 2021 wachezaji waliporuhusiwa kuingiza hela kwa majina na sura zao ni hao hao wanaombwa tena. Mtu wa Simba akimfikiria Mo Dewji, au wa Yanga akiifikiria GSM, anakaribia kuelewa, ila busta mara nyingi hana cheo chochote, hasaini popote, na wako wengi na kila mmoja ana kocha wake anayemtaka. Hapo ndo tetesi zinapozaliwa, maana tajiri wa kwanza anavujisha jina la mtu wake na wa pili anavujisha kwamba huyo kashakataa.

Kwa hiyo ukisikia kocha anatimuliwa Jumapili uliza kuvunja mkataba wake ni bei gani na nani analipa. Texas A&M walipomfukuza kocha wao Jimbo Fisher tarehe 12 Novemba 2023 alikuwa anawadai zaidi ya dola milioni 75, na hela ya namna hiyo haipatikani kwa kuuza tiketi, lazima kuna watu walipigiwa simu kabla. Mkataba wa kocha wa chuo cha serikali kwa kawaida unaweza kuusoma maana sheria za majimbo mengi zinataka utolewe ukiombwa na magazeti huwa yanauweka, vyuo binafsi kama USC (cha kusini mwa California) na Notre Dame ndo hawabanwi hivyo. Mkataba ukiwa bado mnene na hujasikia nani anatoa hela, tulia.

Halafu uliza habari ikitoka leo nani anafaidika. Kocha mwenye kazi nzuri akitajwa vyuo vitatu ndani ya wiki moja, kisha kabla wiki haijaisha kaongezewa mshahara pale pale alipo, basi wakala wake kafanya kazi yake.

Kuna suala la ndege, na hili watu wanalipenda, wanakaa usiku kwenye programu za kufuatilia ndege wakiona jeti ya tajiri imetua mji fulani wanapiga kelele. Usiidharau hiyo njia. Novemba 2003 rais wa chuo cha Auburn, William Walker, na mkurugenzi wa michezo David Housel walipanda ndege ya Bobby Lowder, tajiri wa benki aliyekuwa pia kwenye bodi ya chuo, wakaenda kwa siri kuonana na Bobby Petrino, kocha wa chuo cha Louisville, na hapo kocha wao Tommy Tuberville yuko kazini na zimebaki siku mbili tu acheze na Alabama, watani wao wa jadi! Akashinda 28 kwa 23, siri ikafumuka, Tuberville akabaki, Januari 2004 rais ndo akajiuzulu, na msimu uliofuata timu ikashinda mechi zote 13. Mi naiona ile kama dharau kubwa kwa kocha na kwa vijana waliokuwa wanajiandaa na mechi. Ila siku hizi mwenye ndege anaweza kuomba namba yake isionekane, na jeti ikitua inaweza kuwa imebeba mtu wa biashara tu, kwa hiyo ndege peke yake haitoshi, tafuta na kitu cha pili.

Kocha akikanusha soma neno kwa neno. Lincoln Riley, kocha wa chuo cha Oklahoma, mwaka 2021 alisema hatakuwa kocha wa LSU (chuo cha jimbo la Louisiana), na kweli hakuwa, kesho yake akaenda USC. Nick Saban naye, akiwa kocha wa timu ya kulipwa ya Miami Dolphins, Desemba 2006 alisema hatakuwa kocha wa Alabama, na tarehe 3 Januari 2007 akawa kocha wa Alabama.

Na hata dili la kweli linakufa. Chuo cha Tennessee walishakubaliana na Greg Schiano awe kocha wao tarehe 26 Novemba 2017, mashabiki na hadi wanasiasa wakawaka, siku hiyo hiyo likavunjika, na siku chache baadaye mkurugenzi wa michezo John Currie naye akaondolewa. Mwandishi aliyeripoti ile Jumapili hakudanganya, kwa hiyo usimtukane.

Kitu kimoja nakuomba kabisa, ukiletewa habari ya ndoa ya kocha au ugonjwa wa mtu wa nyumbani kwake usiisambaze, wale wana watoto shuleni, na kwenye timu kuna vijana wa miaka 18 walioacha kwao kwa sababu ya huyo kocha.

Sasa dalili ninazoziamini mimi: wasaidizi wake wanaanza kuhama, vijana waliokuwa wameahidi kujiunga wanapigiwa simu kutoka chuo kingine, na bodi inaitisha kikao cha ghafla cha kupitisha mkataba. Ukiona hicho kikao kimetangazwa, hapo mpigie ndugu yako.