Kutia klorini maji ya Ziwa Kivu, hapa Goma

Dozi ya klorini iliyopangwa kwa maji ya kisima haifai kuhamishiwa ziwani bila kupima. Maji ya juu ya Kivu yana pH (kipimo cha uasidi au ualikali wa maji) ya karibu 9, na hapo klorini huua vijidudu polepole. Ndiyo maana dozi itafutwe palepale watu wanapochota, Kituku au Kyeshero.

Tengenezeni kwanza mchanganyiko mkali wa asilimia 1: gramu 15 za HTH, yaani poda ya klorini (yenye klorini asilimia 65 hadi 70), ndani ya lita 1 ya maji safi, kwenye chombo cha plastiki. Maji hutangulia, poda hufuata. Ukiimwagia poda maji, inaweza kuchemka na kutoa gesi. Vaeni glavu. Ule weupe ukitulia chini, tumieni maji ya juu tu. Yafungwe, yakae gizani, yabadilishwe kila wiki.

Sasa bidoni nne safi za lita 20. Kwa siringi tieni mililita 2, 4, 6 na 8. Kila mililita huongeza miligramu 0.5 kwa lita. Tikiseni, kisha subirini saa nzima, kwani zile dakika 30 zilizozoeleka ni za maji yenye pH chini ya 8. Pimeni klorini iliyobaki kwa kidonge cha DPD 1, kinachogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi; rangi isomwe mara moja. Dozi inayofaa ni ile ndogo kabisa inayoacha miligramu 0.5 hadi 1 kwa lita. Rangi ya waridi ikitokea na kupotea ghafla, huenda klorini imezidi mno: zimueni maji hayo, mpime tena. Mvua ikishusha matope, rudieni jaribio lote, kwa sababu uchafu humaliza klorini mapema.

Mama akikataa maji kwa sababu ya harufu, kesho atachota pembeni bila dawa, na kipindupindu kinamngoja huko. Mpeni kidonge apime mwenyewe, aone rangi, aulize. Hilo lina uzito kuliko bango lolote.

Jioni pimeni pia majumbani. Klorini iliyobaki isishuke chini ya miligramu 0.2 kwa lita. Andikeni kwenye daftari tarehe, mvua, dozi na vipimo vyote viwili. Namba zikiwa nzuri ufukweni lakini mbaya kwenye nyumba chache tu, kagueni bidoni zao: utelezi wa kijani ndani hula klorini. Zisuguliwe kwa sabuni na changarawe, zisuuzwe, ndipo zijazwe.